Feni ya Hita na Kiyoyozi cha Gari: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Izimbya na Vijiji vya Kagera

Katika kata ya Izimbya, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba kwa jumla, feni inayosukuma hewa ndani ya gari ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa kifaa cha starehe. Mji wa Bukoba, ulio ufukweni mwa Ziwa Viktoria katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Gari linapobeba abiria waliolowa huku vioo vimefungwa, unyevu wa pumzi na wa nguo hugusa kioo cha mbele kilichopozwa na mvua, ukageuka ukungu unaomzuia dereva kuona barabara. Ukungu huo huondolewa na vitu viwili vikifanya kazi pamoja, yaani kiyoyozi, ambacho hukausha hewa, na hita, ambayo huipasha moto ili kioo kipate joto. Lakini vyote viwili havina faida yoyote ikiwa feni ya kuipeleka hewa hiyo kwenye kioo imesimama. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa mkono mmoja, huku mwingine ukishika usukani katika mteremko wenye utelezi, anaendesha gari bovu hata kama injini, breki na matairi yote ni mazima.

Kabla ya kufungua chochote ni lazima kutofautisha feni mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni feni ya rejeta, iliyo mbele ya gari, ambayo hupoza maji ya injini na gesi ya kiyoyozi. Ya pili, ambayo ndiyo mada ya mwongozo huu, ni feni ya ndani, iliyofichwa chini ya dashibodi, na ambayo huvuta hewa ya nje kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, au hewa ya ndani ya gari lenyewe, kisha huisukuma kupitia rejeta mbili ndogo. Rejeta moja kati ya hizo, ambayo mafundi huiita evaporeta, hupitisha gesi baridi. Hewa inapoigusa hupoa na kuacha maji yake hapo. Nyingine ni rejeta ya hita, ambayo hupitisha maji ya moto yanayotoka kwenye injini. Magari mengi ya Kagera ni ya mtumba kutoka Japani, yenye usukani upande wa kulia, na kwa sababu hiyo feni ya ndani huwa upande wa kushoto, chini au nyuma ya droo ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria wa mbele. Baadhi ya Toyota Hiace na Noah zina feni nyingine kwa ajili ya viti vya nyuma, nayo ina swichi na vifaa vyake yenyewe, kwa hiyo uzima wa feni ya nyuma si ushahidi wa uzima wa ile ya mbele.

Umeme wa feni hii hufuata njia fupi ambayo kila mwenye gari anaweza kuielewa. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, ambayo hukatika mkondo unapozidi kipimo chake, kisha hupita kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili iruhusu umeme mkubwa kupita, halafu huingia kwenye mota. Katika gari nyingi za Toyota zenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono, umeme ukishatoka kwenye mota hupita kwenye rezista na swichi ya kasi, ndipo ufike kwenye bodi ya gari, ambayo ni njia ya kurudi kwenye upande hasi wa betri na ambayo mafundi huiita ethi. Rezista ni nyaya za kuzuia umeme zilizosokotwa na kupangwa mfululizo: katika kasi ya kwanza umeme hupita kwenye nyaya zote na feni huzunguka polepole, katika kasi zinazofuata baadhi ya nyaya hurukwa, na katika kasi ya juu kabisa zote hurukwa, mota ikapata nguvu yote ya betri. Kwa kuwa nyaya hizo hupata joto kali, watengenezaji huiweka rezista ndani ya njia ya hewa ili ipozwe na feni ileile inayoihudumia, na jambo hilo dogo la ujenzi ndilo linaloeleza maradhi mengi ya kifaa hiki.

Mtu akishaijua njia hiyo, dalili huanza kusomeka. Feni inayofanya kazi katika kasi ya juu tu, na kusimama katika kasi nyingine zote, karibu kila mara ina rezista iliyokatika, kwa sababu kasi hiyo ndiyo pekee isiyoihitaji. Feni iliyopoteza kasi ya chini kabisa, au hiyo pamoja na inayoifuata, inaonyesha waya mmoja wa rezista ulioungua, na iliyopoteza kasi ya kati pekee inaonyesha mguso mmoja wa swichi ulioungua. Feni isiyozunguka kabisa inaweza kuwa na fyuzi iliyokatika, rilei mbovu, ethi iliyolegea au mota iliyokufa. Lakini ikiamka pale nyumba yake inapogongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, basi kaboni zake zimeisha. Kaboni ni vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, navyo hulika kadiri feni inavyotumika. Mlio wa kukwaruza au wa filimbi hutoka kwenye bushi zilizokauka, yaani vishikio vya mhimili wa mota, mtikisiko hutoka kwenye uchafu uliojikusanya upande mmoja wa feni, na harufu ya plastiki inayoungua ni amri ya kuzima swichi papo hapo.

Vipimo vinavyothibitisha dalili hizo vinahitaji taa ya kupimia au maltimita ya bei nafuu, bisibisi ya nyota, na spana namba 8 na 10. Uchunguzi uanzie kwenye fyuzi, na fyuzi ipimwe pande zote mbili ikiwa mahali pake, kwa sababu ile inayoonekana nzima kwa macho inaweza kuwa na ufa usioonekana. Rilei hujaribiwa kwa kubadilishana na nyingine ya namba ileile iliyomo ndani ya sanduku la fyuzi. Baada ya hapo swichi ya gari iwashwe, kasi iwekwe juu kabisa, na kipimo kifanyike kwenye soketi ya mota ikiwa bado imechomekwa. Kama maltimita inaonyesha takribani volti 12 kati ya tundu moja na lingine na mota haizunguki, mota ndiyo mbovu. Kama volti 12 zinaonekana kati ya tundu moja na bodi ya gari, lakini hazionekani kati ya matundu mawili yenyewe, basi umeme unafika ila haupati njia ya kurudi, na lawama ihamie kwenye swichi, nyaya zake au ethi. Kipimo hiki hufanywa na wachache, lakini ndicho kinachookoa fedha nyingi zaidi, kwa kuwa hutenganisha mota na mambo mengine yote. Injini ikiwa inawaka na betri ikisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, mota inayopata volti 9 au 10 katika kasi ya juu inaibiwa nguvu na mguso mchafu mahali fulani njiani, na soketi iliyogeuka rangi ya kahawia au iliyoyeyuka huonyesha mahali hapo bila kipimo chochote.

Rezista ni rahisi kuipima. Ikishatolewa, ambako kwa kawaida ni kazi ya skrubu mbili karibu na mota, maltimita iwekwe kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na nyaya ziguswe kati ya matundu yake. Rezista nzima husoma omu chache tu, mara nyingi chini ya 5, ilhali iliyokatika haisomi kitu. Nyingi zina fyuzi ndogo ya joto iliyolehemiwa juu yake, ambayo hukatika kabla nyaya hazijaungua, na fundi anayeiunganisha kwa kipande cha waya wa kawaida anakuwa ameondoa kinga pekee iliyobaki kati ya joto la rezista na plastiki ya dashibodi.

Hapa ndipo utengenezaji mwingi unapoharibika. Mwenye gari hununua rezista, huifunga, hufurahi kwa majuma machache, kisha huirudia safari ya dukani kwa sababu ile mpya nayo imeungua, na anayelaumiwa huwa ni muuza spea. Ukweli ni kwamba rezista huungua mara nyingi kwa kosa la mota. Mota inayozunguka kwa wepesi huzalisha ndani yake volti inayopingana na ile ya betri, na upinzani huo ndio unaopunguza mkondo. Mota iliyokabwa na vumbi, majani au bushi kavu huzunguka polepole, hushindwa kuzalisha upinzani wa kutosha, na matokeo yake hunywa umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa. Joto ndani ya rezista huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, maana yake mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Wakati huohuo feni iliyochoka husukuma hewa kidogo, na kwa kuwa hewa hiyo ndiyo kipozeo cha rezista, joto huongezeka kutoka upande mmoja na upoaji hupungua kutoka upande wa pili. Kubadilisha rezista bila kuikagua mota ni kuiandalia rezista mpya kifo kilekile, na ingefaa gereji yoyote inayofunga rezista iwe na desturi ya kuitoa feni nje kwanza, hata pale mteja anapoharakisha.

Ukaguzi wa mota hauna ugumu. Waya hasi wa betri uondolewe kwanza, na ikiwa gari lina mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka wakati wa ajali, mtengenezaji asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote nyuma ya dashibodi, na soketi za rangi ya manjano ziachwe kama zilivyo kwa sababu ni za mfumo huo. Droo ya dashibodi huondolewa kwa kubana pande zake au kwa kufungua skrubu zake. Mota huonekana chini yake, ikiwa imeshikwa na skrubu tatu, nayo hushuka pamoja na gurudumu la plastiki lenye mapanga mengi madogo. Likisukumwa kwa kidole, gurudumu hilo linapaswa kuendelea kuzunguka lenyewe kwa muda kidogo. Likisimama mara moja, au likikwaruza, jibu limepatikana.

Uchafu unaotoka humo huwa na sura ya mahali gari linapoishi. Kati ya Juni na Agosti barabara za udongo za vijijini hutoa vumbi jekundu laini ambalo hujishikiza kwenye mapanga na kuyapunguzia uwezo wa kusukuma hewa, na mvua zikirudi vumbi hilo hupata unyevu likawa tope gumu. Gari linalolazwa kwenye kibanja, chini ya mibuni, miparachichi au miembe, hukusanya majani kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na mengine huanguka hadi kwenye feni. Msimu wa senene, ambao kilele chake huwa karibu na Novemba, wadudu huvutwa na taa za magari usiku na baadhi huingia kwa njia hiyohiyo. Wasumbufu kuliko wote ni panya, ambao huona nyumba ya feni kuwa mahali pakavu na penye giza pa kuzalia, na hujaza humo nyuzi za migomba na vipande vya sponji. Anayesafisha kiota cha aina hiyo avae glavu na afunike pua na mdomo, akilowesha uchafu kidogo kwa maji yenye sabuni ili vumbi la kinyesi lisipae. Njia rahisi ya kuwapunguza panya hao ni kubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kabla ya kuzima gari, kwa kuwa kitendo hicho hufunga mlango mdogo unaoelekea nje.

Mapanga husafishwa kwa brashi laini na maji ya sabuni, lakini mota yenyewe isiloweshwe, bali ipulizwe kwa hewa ya kompresa ya gereji. Vipande vidogo vya chuma vinavyoonekana vimebanwa kwenye mapanga visiondolewe, maana viliwekwa kiwandani kusawazisha mzunguko. Bushi zikiwa kavu zipewe tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kula hayafai, kwani huganda na kunasa vumbi. Kaboni zikiwa zimelika hadi springi zake kukaribia kugusa duara la shaba, fundi umeme wa magari anaweza kuchonga kaboni za mota nyingine ya kiasi hichohicho, kulehemu nyaya zake na kusafisha shaba kwa msasa laini. Kazi hiyo ni halali na hudumu ikiwa shaba haijachimbika. Ikiwa imechimbika, au mota imeungua na kunuka, mota ya mtumba iliyojaribiwa kwenye betri mbele ya mnunuzi ni chaguo la busara zaidi. Mnunuzi aende dukani na mota ya zamani mkononi, awe anakwenda Bukoba mjini, Mwanza, au anaagizia kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwa sababu mota mbili za Toyota zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana katika soketi, na nyingine katika upande wa kuzunguka.

Gari zenye kiyoyozi cha kujiendesha, ambamo dereva huchagua nyuzi za joto kwenye kioo kidogo cha namba, kwa kawaida hazina rezista ya nyaya. Badala yake zina kifaa cha elektroniki kinachodhibiti kasi, chenye mapezi ya aluminiamu ya kupoteza joto, na kikiharibika feni inaweza kukwama katika kasi moja, kukataa kuzima au kutowaka kabisa. Kifaa hicho hakipimwi kwa omu kama rezista, wala hakifai kufunguliwa. Hubadilishwa kizima kizima, na sharti la kuikagua mota kwanza linabaki palepale.

Kuhusu fyuzi kuna jambo moja lisilo na nafasi ya majadiliano. Namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku, ambayo katika gari nyingi huwa ampea 30 au 40, ndiyo namba ya kufunga. Fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya kilichofungwa mahali pa fyuzi ili gari lifike nyumbani, huhamisha udhaifu kutoka kwenye kitu kilichoundwa ili kikatike hadi kwenye waya uliopita ndani ya mazulia na sponji za dashibodi, na moto unaoanzia hapo hauzimwi kwa urahisi katika barabara iliyo mbali na mji.

Feni ikiwa nzima lakini hewa ikabaki dhaifu, kosa liko kwenye njia ya hewa. Nyuma ya droo ya dashibodi mara nyingi kuna filta ya karatasi ya kuchuja hewa ya ndani, na wako wenye magari ambao hawajawahi kujua kwamba ipo. Iliyojaa vumbi jekundu huizuia hewa na kuilazimisha feni kuwekwa kasi ya juu kila wakati. Evaporeta nayo inaweza kuziba kwa uchafu au kuganda barafu. Maji yanayodondoka kutoka kwenye evaporeta hutoka chini ya gari kwa bomba dogo la mpira, na bomba hilo likizibwa na tope maji hurudi ndani, yakalowesha zulia la abiria na kuifanya rezista na soketi zishike kutu. Waya laini ukisukumwa taratibu kutoka chini huzibua, na maji yanayochuruzika baada ya hapo ni uthibitisho wa kutosha.

Feni ikipuliza kwa nguvu na hita isipashe, feni haina hatia. Maji ya injini yanaweza kuwa yamepungua, na yaangaliwe injini ikiwa imepoa, kwa maana kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa ya moto humwaga maji yanayounguza vibaya. Inawezekana pia kwamba rejeta ya hita iliwahi kuvuja na fundi akaunganisha mabomba yake mawili moja kwa moja ili maji yasiipitie, au kwamba tamstati, yaani kizibo kinachozuia maji kuzunguka hadi injini ipate joto lake la kazi, imetolewa. Kuondoa tamstati kwa kudhani kwamba injini baridi ni injini salama ni desturi iliyoenea katika gereji nyingi nchini, na ni desturi mbaya: injini hutumia mafuta mengi zaidi, hulika mapema, na asubuhi ya mvua hita hutoa hewa ya uvuguvugu isiyoweza kukausha kioo.

Kwa upande wa kiyoyozi, gari nyingi zimeundwa ili kompresa ya kiyoyozi, yaani pampu inayosukuma gesi, isiwake ikiwa swichi ya feni haijawashwa, kwa hiyo hitilafu katika mkondo wa feni inaweza kuonekana kama ukosefu wa gesi. Mwenye gari asikubali kuongezewa gesi kabla feni haijapimwa. Gesi ya kawaida, inayojulikana kama R134a, haipungui kwa kutumika bali kwa kuvuja, na kuimwaga hewani ni kuongeza gesi inayopasha dunia joto, ya jamii ambayo mataifa yalikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua katika marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Oktoba 2016 huko Kigali, katika nchi jirani na Kagera yenyewe.

Kila kitu kikisharudishwa, feni ijaribiwe katika kasi zote, kuanzia ya kwanza, kila moja kwa dakika kadhaa. Mkono uwekwe kwenye soketi ya mota na ya rezista baada ya dakika 10 za kasi ya juu: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini soketi isiyoshikika kwa joto ibadilishwe siku hiyohiyo pamoja na kipande cha waya kilichoungua karibu nayo. Kisha hewa ielekezwe kwenye kioo cha mbele, kiyoyozi na hita viwashwe pamoja, kitufe cha hewa kiwekwe upande wa hewa ya nje, na jaribio la mwisho lifanyike siku ya mvua, gari likiwa na abiria wote na vioo vikiwa vimefungwa.